Bata Mzinga wa Waliorudi Kazini

Lorna Stensrud alikiona kijiti kile kabla sinia halijatua mezani.

Kilikuwa kijiti cha plastiki cha kupimia uivaji, kidogo kama ncha ya kidole cha mtoto, kimechomoza kifuani mwa bata mzinga kama vinavyochomoza vyote nyama ikiiva. Kwa miaka kumi na mmoja kazi ya Lorna kiwandani ilikuwa hiyo tu. Ndege anapita mbele yake kwenye mkanda, yeye anamdunga kijiti, ndege anakwenda zake, mwingine anakuja. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikwisha kupinda na havinyooki tena. Kwa hiyo hakuhitaji kuvaa miwani ili ajue anachokiona. Ndege wa kuuzwa dukani hudungwa vijiti vyekundu. Vya kijani ni vya ndege wa zawadi, wale ambao kampuni huwagawia wafanyakazi wake wiki ya Sikukuu ya Shukrani. Mwaka huu wafanyakazi walikuwa nje ya lango, wiki ya sita ya mgomo, wakiota moto wa pipa katikati ya theluji. Waliogawiwa ndege ni wale tu waliovunja mgomo wakarudi ndani.

Aliyebeba sinia alikuwa mkwewe, Eliseo Ibarra, mume wa binti yake, naye mfanyakazi wa kiwanda kile kile.

"Niweke wapi, mkwe? Mikono inaungua."

"Alimpata kwa mkulima mmoja upande wa ziwani," alidakia Kirsten, binti yake Lorna, japo hakuna aliyeuliza. "Si wa kampuni, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Nipe mimi," Lorna alisema.

Alilipokea sinia, akageuka nalo hadi kwenye meza ya jikoni, akawapa watu mgongo. Sebuleni, hatua sita kutoka pale, Wendell Tiede alikuwa amekwisha kukaa, leso imechomekwa kwenye ukosi wa shati. Wendell alikuwa kiongozi wa mgomo pamoja naye, mgane asiye na mtoto, na Lorna mwenyewe ndiye aliyemwalika asije akala sikukuu peke yake. Miaka ishirini amepakia maboksi ya ndege. Kijiti cha kijani angekitambua kwa mbali kama Lorna alivyokitambua.

Akakichomoa. Kilikuwa moto, kikamchoma kwenye ngozi ya kidole, naye hakutoa sauti. Akakitia mfukoni mwa aproni na kuziba tundu kwa kijiko cha rojo.

"Umekwama na nini huko?" mumewe Verlyn aliita kutoka kwenye kiti chake cha kupumzisha mgongo mbovu. "Watu wana njaa!"

"Nakuja."

*

Verlyn aliomba sala fupi ya Kilutheri, ile aliyofundishwa na babake, akaisema haraka kama mtu anayetaja namba yake ya simu. Ofelia, mama yake Eliseo, alijipiga ishara ya msalaba baada ya kila mtu kukwisha kusema amina, kisha akafunua chungu alichokuja nacho. Ndani mlikuwa na mole, mchuzi mweusi wa pilipili kavu, ufuta na chokoleti, mzito, unaonukia mpaka machozi.

Mezani palikuwa na kuku wawili wa Lorna waliotoka kwenye boksi la msaada la chama, viazi vya kuponda, maharage mabichi ya kuoka, na mkate uliokatwakatwa ukachanganywa na vitunguu na majani ya kunukia. Lakini macho ya wote yalikuwa kwa bata mzinga. Ofelia alikuwa amemlaza siku mbili kwenye maji ya machungwa na vitunguu saumu, na ngozi yake iling'aa kama kiatu kipya.

"Tulisema mwaka huu kuku wanatosha," Lorna alisema.

"Sikukuu ya Shukrani bila bata mzinga ni Alhamisi tu," Wendell alisema akicheka. "Nikatie paja, Lorna. Na wewe bibie, nimwagie hayo matope yako meusi, nijaribu."

"Si matope," Ofelia alisema. "Utaomba tena."

Wendell akala. Akafumba macho. Akaomba tena, kama alivyoambiwa.

"Kijana," akamwambia Eliseo, akimpa mkono kuvuka meza, "asante. Watu wengine wangemnunua wa kampuni, nani angejua? Wewe umehangaika mpaka ziwani. Hiyo ndiyo heshima."

Eliseo aliupokea mkono ule kwa sababu haikuwepo njia ya kutoupokea.

"Wale wengine," Wendell aliendelea, akikwangua mchuzi kwa kipande cha mkate, "nasikia sasa wamefika sitini. Wanaingizwa kwenye magari yenye vioo vyeusi kama maiti. Hawana hata ujasiri wa kushusha kioo. Mimi nikimjua mmoja tu, Mungu anisamehe, nitampigia honi mlangoni kwake kila asubuhi mpaka watoto wake waulize kuna nini."

"Wendell," Lorna alisema, "leo sikukuu."

"Mbona wewe ndiye unayewatukana kuliko sisi wote? Kipaza sauti hukiachi!"

Verlyn alicheka. Kirsten alikuwa akimkatia nyama Nayeli, bintiye wa miaka minne, akiikata vipande vidogo sana, vidogo kuliko mtoto anavyohitaji. Nayeli akakohoa. Mara moja, kisha mara tatu mfululizo, kile kikohozi chake chenye filimbi ndani. Mazungumzo yakakatika. Eliseo alikuwa amekwisha kusimama, mkono mmoja mgongoni mwa mtoto, akihesabu pumzi kwa midomo isiyotoa sauti. Kikohozi kikapita. Watu wakarudi kwenye sahani zao.

*

Baada ya kula, Verlyn na Wendell walihamia mbele ya televisheni kutazama mpira. Lorna akamfanyia Eliseo ishara ya kichwa, wakaingia kwenye chumba kidogo cha kufulia nyuma ya jiko. Akafunga mlango. Akakitoa kijiti mfukoni na kukiweka juu ya mashine.

Eliseo alikitazama, akakigeuza kwa kidole.

"Tangu lini?" Lorna alinong'ona.

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Siku zote hizi unanipita pale langoni. Nakutukana na sijui ni wewe."

"Nilikuwa nakuona, mkwe. Nilikuwa nainama."

Mlango ukafunguka, Kirsten akajipenyeza ndani na kuufunga tena kwa mgongo. Watatu walikuwa wamebanana kiasi kwamba kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake.

"Mimi ndiye niliyemtuma," alisema. "Ukitaka kutukana, nitukane mimi."

"Sijamtukana mtu."

"Kampuni ilikata bima ya afya tarehe mosi. Tarehe tano Nayeli alilazwa."

"Mimi si nilikuwepo? Nani aliyelala naye pale kwenye kiti?"

"Ulilala naye, ndiyo. Lakini tulipotoka, ile mashine ya kuvutia dawa walitupa kwa masharti. Bima isiporudi, wanakuja kuichukua. Walipiga simu mara mbili."

"Chama kina mfuko wa dharura, Kirsten! Kwa nini hamkuomba?"

Kirsten alimtazama mama yake kana kwamba hakuamini alichosikia.

"Tulijaza fomu. Nilikukabidhi wewe mkononi. Ukaisoma, ukaikunja, ukasema kuna watu wenye shida kubwa zaidi, nisubiri zamu yangu."

Lorna alikumbuka. Alikumbuka hata mahali alipoiweka: chini kabisa ya faili, chini ya fomu zote, makusudi, ili asitokee mtu wa kusema kiongozi amemtanguliza mwanawe.

"Nisingeweza kukuweka mbele ya watu," alisema.

"Najua. Ndiyo maana hatukukuuliza mara ya pili."

Kutoka sebuleni Wendell alipiga kelele za furaha, kuna aliyefunga. Wote watatu walishtuka.

"Na ndege je?" Lorna alimgeukia Eliseo. "Kwa nini umlete kwenye meza yangu? Ungemla kwenu kimya kimya."

"Wanakupa mkononi wakati wa kutoka. Msimamizi anakupiga picha naye. Nilitaka nimtupe njiani, naapa. Mama akakataa. Akasema chakula hakitupwi, na sikukuu haiendwi mikono mitupu."

"Mama yako anajua?"

"Mama anajua kila kitu."

*

Ofelia alikuwa jikoni, mikono yake imelowa mafuta hadi viwikoni, akichambua nyama kwenye mifupa kwa vidole. Nyama upande huu, ngozi upande ule, na mifupa alikuwa ameanza kuipanga kwenye sufuria kubwa ya Lorna bila kuomba ruhusa.

"Hiyo inakwenda kwenye takataka," Lorna alisema.

"Takataka? Mifupa hii?" Ofelia hakuinua macho. "Hii ni supu ya wiki nzima. Kwenu huwa mnafanyaje mabaki?"

"Kwetu tunaoka na tambi na jibini, kesho yake. Mwaka huu hatuoki chochote. Weka chini, Ofelia."

"Sawa, usioke. Nipe mimi."

"Nimesema weka chini."

Ofelia aliacha kuchambua. Alikuwa mwanamke mfupi, na ilibidi ainue kidevu ili amtazame Lorna usoni.

"Umekitoa kile kijiti," alisema. "Nilikiacha makusudi. Nilisema, acha aone. Mimi sipendi kudanganya mtu nyumbani kwake."

"Basi ungeniambia kwa mdomo!"

"Mdomo wangu si wa kumchongea mwanangu. Lorna, sikiliza. Alipoingia ndani siku ile ya kwanza, alirudi nyumbani hakula. Kesho yake hakula. Siku ya tatu ndiyo alikunywa chai. Kisha akaja na ndege huyu akamweka sakafuni kama mtu aliyeleta mzoga wa mbwa. Ulitaka nifanye nini? Nimtupe ndege, halafu na mwanangu nimtupe?"

Lorna alishika ukingo wa sinki. Alikuwa na jibu, lakini kabla hajalitoa mlango wa sebule ukasukumwa na Wendell akaingia na sahani yake tupu, mashavu mekundu kwa bia na joto.

"Mungu wangu, nyama yote hii bado?" Akamshika Lorna bega. "Nimepata wazo. Kesho watu langoni watakula nini? Mikate baridi yenye siagi ya karanga, wiki ya sita hii! Tuwapelekee hii nyama. Wajue sikukuu haikuwasahau."

Eliseo, aliyekuwa ametokea mlangoni mwa chumba cha kufulia, aliganda pale pale.

"Nitawafungia tamale," Ofelia alisema polepole, akimtazama Lorna na si Wendell. "Unga wa mahindi ninao, maganda ya kufungia ninayo. Nyama ikichanganywa na mole inatosha watu arobaini. Kama mwenye nyumba anakubali."

"Anakubali!" alisema Wendell. "Kwa nini asikubali?"

Lorna angeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa machache na aliyajua yote. Alimtazama mkwewe, akamtazama Kirsten nyuma yake akiwa na mtoto begani, usingizi umemchukua, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka.

"Sawa," alisema.

*

Ijumaa asubuhi kulikuwa na baridi ya kukausha pua. Watu kama thelathini walizunguka pipa la moto, mabango yameegemezwa kwenye uzio. Magari ya kuingiza watu yalitarajiwa saa moja. Ofelia alishuka kwenye gari la Wendell na sufuria mbili zilizofungwa kwa mablanketi, akaziweka juu ya meza ya kukunja na kufunua moja. Mvuke ukapanda. Watu wakasogea kama waliovutwa kwa kamba.

"Foleni, foleni!" Wendell aliita. "Mnaifungua hivi, ganda hamli. Mimi jana nilikaribia kulamba chungu!"

Akaanza kugawa. Lorna alikuwa amesimama kando, kitambaa cha kiongozi kimefungwa mkononi, kipaza sauti kimening'inia kifuani. Alimwona Yer Vang, mama wa Kihmong, mhamiaji kutoka Laos, wa idara ya kukata mabawa, akipokea ya kwanza na kuipakata kwa mikono miwili ipate kumpasha joto. Alimwona kijana mmoja akipokea mbili. Lorna alikuwa amekesha akijiambia kwamba nyama ni nyama, kwamba asiyejua hadhuriki. Sasa aliziona nyuso zao.

"Ngojeni," alisema. Haikusikika. Akawasha kipaza sauti. "Ngojeni! Msile kwanza."

Wakamgeukia.

"Nyama hiyo ni ya ndege wa kijiti cha kijani," Lorna alisema. "Mkwe wangu Eliseo amerudi ndani. Amepita hapa tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Ndege ni wa kwake. Mimi nimejua jana, kabla hatujakaa kula, nikanyamaza. Wendell hakujua. Wendell msimlaumu."

Moto ulipasuka ndani ya pipa. Wendell alikuwa bado ameshika koleo la kugawia.

"Ulinikatia paja," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini kabisa. "Nikaomba la pili. Ukanikatia la pili."

"Ndiyo."

"Nilimpa mkono yule kijana. Nilimwambia ana heshima, mbele ya watu."

"Ndiyo, Wendell."

Mtu mmoja nyuma alitupa tamale yake kwenye moto, na mwingine akafuata. Harufu ya maganda yanayoungua ikaenea. Wengine waliziacha mezani moja moja, kwa uangalifu, bila kumtazama Ofelia usoni. Yer Vang peke yake aliendelea kufungua ya kwake.

"Unakula hiyo?" kijana aliyeshika mbili alimuuliza.

"Nimetoka nyumbani na njaa," alisema Yer Vang. "Nikimaliza nitakasirika."

Kuna waliocheka, kicheko kifupi kilichokufa haraka. Wendell hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Kitambaa."

Lorna akajaribu kukivua. Vidole vyake vilivyopinda havikuweza fundo, ikabidi Wendell mwenyewe amfungulie, wakiwa wamesimama karibu karibu kama watu wanaosaidiana kuvaa.

"Na kipaza sauti."

Akampa.

"Kuna fomu ya mfuko wa dharura kwenye faili," Lorna alisema. "Ya chini kabisa. Niliiweka mwisho kwa kuwa ni ya binti yangu. Haikustahili kuwa mwisho."

"Itasomwa zamu yake ikifika," Wendell alisema.

"Aende nyumbani!" sauti ikatoka kwenye kundi.

"Akitaka kwenda, njia ile pale," Wendell alijibu bila kugeuka.

Lorna hakwenda. Alichagua bango moja uzioni, lililochanika pembeni, akaenda kusimama mwisho wa mstari ambako hakukuwa na mtu. Ofelia alizifunika sufuria zake, akazifunga mablanketi upya, akaja nazo kusimama karibu naye.

Magari yalikuja saa moja na dakika chache, manne, moja nyuma ya jingine, vioo vyeusi kama lami. Siku zote Lorna ndiye aliyekuwa akianza kelele. Leo watu walinyamaza, na thelathini wote wakageuza shingo kumtazama yeye badala ya kuyatazama magari. Hata Wendell, kipaza sauti mdomoni, alingoja.

Hakujua mkwewe yumo kwenye lipi. Akavuta hewa ile ya baridi mpaka kifua kikamuuma.

"Eliseo Ibarra!" alipiga kelele. "Eliseo Ibarra! Toka humo! Rudi nje kwa wenzako!"

Kwa wiki sita hapakuwa na aliyeitwa kwa jina pale langoni. Gari la tatu likapunguza mwendo kidogo, au pengine ni barafu tu barabarani, kisha likapita. Lorna aliendelea kuita mpaka lango lilipofungwa, na wengine walikuwa wamekwisha kuanza kelele zao. Alipogeuka alimwona Ofelia amesimama wima, sufuria zake miguuni, macho makavu, akitazama lango kama mtu anayesubiri lifunguliwe tena.

"Umemwita vizuri," Ofelia alisema. "Jina lake wengi hawawezi kulitamka."

*

Kila Ijumaa mchana Lorna alikaa na Nayeli, maana Kirsten alikuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee. Hakuona sababu ya kubadilisha. Alimpa mtoto dawa, akamshikia kikombe cha mashine usoni kwa dakika kumi, wakahesabu pamoja. Kisha akakaanga viazi na mayai na kuosha vyombo vya jana yake.

Eliseo aliingia saa kumi. Alivua buti mlangoni, akabaki amesimama na soksi zake zilizolowa.

"Nilikusikia," alisema.

"Nilitaka unisikie."

"Wote garini walinigeukia. Yule aliyekaa karibu nami akahama kiti. Hata humo ndani hakuna anayetaka kukaa na mtu anayejulikana."

Lorna alipakua viazi. Nayeli alikuwa sakafuni akichora, akamwonyesha baba yake karatasi, naye akaitazama kwa makini na kusema ni farasi mzuri. Nayeli akamwambia si farasi, ni bibi.

"Mkwe," Eliseo alisema, "Jumatatu utaniita tena?"

"Ukiwa ndani ya lile gari, nitakuita. Na Jumanne pia."

Alipangusa viganja kwenye suruali.

"Bima inarudi tarehe mosi," alisema. "Nikitoka kabla ya hapo, haihesabiki."

"Nimesikia."

"Nakwambia tu ujue."

"Sasa najua. Kanawe mikono," Lorna alisema, akamwekea sahani mezani. "Kula kabla hakijapoa."

Akanawa, akaja, akala. Lorna alivuta kiti akakaa mbele yake, na hakuinuka mpaka sahani ilipokwisha.